Gogo Jeusi Lililofukuliwa Bondeni: Tulichonge, Tuliuze au Tuliache?

Ndugu msikilizaji, msikilizaji wetu mmoja wa Kwai, wilayani Lushoto, alitupigia simu mara tu baada ya kipindi cha asubuhi. Alikuwa akichimba mfereji wa kutoa maji kwenye shamba lake la karoti, kule chini bondeni ambako maji hayakauki mwaka mzima. Jembe likagonga kitu. Akadhani ni jiwe. Alipokisafisha akaona ni gogo, jeusi kama mkaa, zito, limelala ndani ya tope kiasi cha kina cha kiuno.

Habari za kijijini hazikai. Jirani akamwambia apasue kuni, maana masika yanakuja na baridi ya Kwai tunaijua. Kijana wake wa kiume, ambaye hupenda kuchonga miiko na vinyago vidogo, akaomba asilipasue. Siku ya tatu akafika mtu na bodaboda, akasema huo ni mti wa maelfu ya miaka, wachongaji wa mjini wanautafuta, na yuko tayari kuubeba siku hiyo hiyo kwa bei ya magunia mawili ya karoti.

"Nyie watu wa redio mnaulizwa kila kitu," mzee wetu alisema. "Haya, nifanye nini?"

"Shikamoo mzee," tulimjibu, "tupe wiki mbili, na gogo usiliguse."

"Marahaba. Nitalifunika na majani ya migomba."

Tuliuliza kwa watu wa misitu, kwa wachongaji na kwa wanaosoma mambo ya kale, kisha tukapanda wenyewe mpaka Kwai. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tumeyaandika hapa kwa sababu tunaamini si yeye peke yake. Mabonde yetu yanachimbwa kila msimu kwa ajili ya mboga, wengine wanachimba visima, wengine udongo wa kufinyangia vyungu. Leo ni yeye, kesho ni wewe.

Kwa nini mti uliozikwa hauozi?

Sote tunajua nguzo ya uzio huoza wapi. Haiozi juu kabisa, wala chini kabisa. Huoza pale inapokutana na uso wa ardhi. Sababu ni kwamba wanaokula mti ni viumbe hai, yaani kuvu, mchwa na wadudu wengine, na viumbe hawa wanahitaji vitu viwili kwa pamoja: unyevu na hewa. Juu pana hewa lakini pamekauka. Chini sana pana unyevu lakini hewa ni haba. Pale katikati vyote vipo, na karamu inaendelea.

Sasa chukua mti ulioanguka kwenye kinamasi ukafunikwa na tope kabla haujaoza. Maji yanajaza kila tundu ndani yake. Hewa haifiki. Kuvu hawawezi kuishi, mchwa hawawezi kuishi. Wanaobaki ni bakteria wa aina chache wanaokula polepole mno. Mti wa namna hii unaweza kukaa mamia ya miaka, hata maelfu, ukiwa bado na umbo lake na pete zake za ukuaji unazoweza kuzihesabu.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kilichoulinda ni ule ukosefu wa hewa. Siku unapoufukua, ulinzi umekwisha. Gogo lililokaa salama miaka mingi linaweza kuharibika ndani ya majuma machache ya jua. Ndiyo maana tulimwambia mzee asiliguse, na ndiyo maana majani ya migomba yalikuwa wazo zuri.

Weusi unatoka wapi?

Umewahi kumenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma? Vidole vinakuwa vyeusi na kisu kinakuwa cheusi. Ndani ya ganda la ndizi mna kitu kiitwacho tanini, ndicho hicho hicho kinachoipa chai ya majani ukali wake. Tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi.

Miti mingi ina tanini, na maji ya bondeni mara nyingi yana chembechembe za chuma, zile zinazoacha utando wa rangi ya kutu juu ya maji yaliyotuama. Vitu hivyo viwili vikikaa pamoja muda mrefu, mti hugeuka kahawia, kisha mweusi.

Kwa hiyo weusi si cheti cha kuzaliwa. Mti wenye tanini nyingi ukikaa kwenye maji yenye chuma kingi utakuwa mweusi mapema. Mwingine utakaa zaidi na kubaki wa kahawia. Mwingine ni mweusi kwa sababu uliungua moto kabla ya kuanguka. Mtu akikuambia "ni mweusi, basi una miaka elfu tano", muulize amejuaje.

Umri wa kweli hupimwa maabara. Kila mti ukiwa hai huvuta kutoka hewani kaboni ya aina mbalimbali, na moja ya aina hizo hupungua yenyewe baada ya mti kufa. Kila ikipita miaka kama 5,730 hubaki nusu ya ile iliyokuwapo. Wataalamu wakipima kilichobaki wanajua mti ulikufa lini. Njia hii inafaa kwa vitu visivyozidi miaka kama 50,000. Kwa jicho tupu hakuna awezaye kufanya kazi hiyo, hata awe na bodaboda mpya.

Magogo matatu yaliyobadilisha historia

Huenda unajiuliza, gogo la bondeni lina maana gani hata redio ilipandie mlima? Sikiliza visa hivi vitatu.

Cha kwanza kiko mpakani mwetu. Mto Kalambo unapita kati ya mkoa wa Rukwa na nchi ya Zambia kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, na una maporomoko marefu yanayozidi mita 200. Upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko hayo, watafiti walichimba mwaka 2019 wakakuta magogo mawili yamelaliana. Gogo la juu lilikuwa limekatwa pengo ili likae vizuri juu ya lile la chini, kama fundi anavyounganisha miti ya paa. Mwaka 2023 walitangaza umri wake: angalau miaka 476,000. Hapo kaboni isingesaidia, kwa hiyo walipima chembe za mchanga zilizoyafunika ili kujua mara ya mwisho ziliona jua lini.

Fikiria hilo. Mifupa ya kale kabisa ya watu wa aina yetu inayojulikana ina miaka kama 300,000. Maana yake waliokata pengo lile walitutangulia sisi. Kilichohifadhi ushahidi wao ni tope na maji, vile vile kama ya bonde la Kwai.

Cha pili ni cha Nigeria. Mwaka 1987 mfugaji wa Kifulani alikuwa akichimba kisima karibu na kijiji cha Dufuna. Alipofika kina cha mita kama tano, akagonga ubao mgumu. Angeweza kuukata aendelee na kisima chake. Badala yake habari zikafika kwa wanaohusika, na ulipofukuliwa ukaonekana ni mtumbwi wenye urefu wa zaidi ya mita nane, wa miaka kama 8,000. Ndio mtumbwi wa kale kuliko yote inayojulikana Afrika, na aliyeupata hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa kijijini anayetafuta maji ya ng'ombe wake.

Cha tatu kinahusu kinyago hasa. Mwaka 1890, kwenye milima ya Ural nchini Urusi, wachimba dhahabu walikuta vipande vya mti ndani ya kinamasi, kina cha mita kama nne. Vilipounganishwa vikawa sanamu ndefu ya mtu yenye sura kadhaa zilizochongwa mwilini, moja juu ya nyingine. Leo inaitwa Sanamu ya Shigir. Vipimo vinaonyesha ina zaidi ya miaka 11,000, na hakuna sanamu ya mti ya kale kuliko hiyo inayojulikana duniani. Ilichongwa kwa zana za mawe kwenye mti mmoja mkubwa.

Ila sikiliza na hili. Mwaka 1914 mtafiti mmoja alichora vipande vyote na kukadiria kwamba sanamu nzima ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita tano. Baadaye vipande vingine vikapotea katika misukosuko ya nchi ile. Kilichobaki kwenye jumba la makumbusho ni kama mita tatu na nusu. Sehemu iliyopotea tunaijua kwa mchoro tu. Tope liliitunza kwa miaka elfu kumi na moja, sisi binadamu tukaipoteza ndani ya miaka mia moja.

Kabla ya shoka, tumia maji na macho

Basi ukikuta gogo bondeni, hatua ya kwanza ni kuliosha taratibu kwa maji na mkono au brashi laini. Usikwangue kwa panga. Kisha liangalie pande zote na ujiulize maswali haya.

Je, ncha zake zimevunjika ovyo kama mti ulioangushwa na upepo, au zimekatwa? Je, kuna alama za shoka, tezo au moto uliotumika kuchimba ndani? Je, lina tundu au shimo ambalo si la kawaida, kama la mtumbwi, mzinga wa nyuki, kinu au hori la kulishia ng'ombe? Je, kando yake kuna vipande vya vyungu, mawe yaliyochongwa, mkaa au mifupa? Je, magogo yako mengi yamepangwa pamoja kama daraja au uzio?

Jibu likiwa "ndiyo" kwa swali hata moja, simama. Piga picha kwa simu yako, weka mkono au jembe kando yake ili ukubwa uonekane. Andika kina ulichochimba. Rudisha tope la maji juu yake au lifunike kwa majani mabichi na nailoni lisikauke, kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kwa lugha rahisi, kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa, kuchongwa au kubadilishwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863 ni malikale. Ukikikuta unatakiwa kutoa taarifa, na huruhusiwi kukiuza au kukitoa nje ya nchi kienyeji. Sheria hiyo hiyo inalinda pia milango ya mbao iliyochongwa kwa nakshi za Kiafrika na za Mashariki kabla ya mwaka 1940, na vifaa vya mila vilivyotumiwa na jamii zetu, ila si vinyago vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuuzia wageni.

Kwa hiyo tofauti ni hii. Mti ulioanguka wenyewe ukazikwa na tope, hata uwe na miaka elfu, si kazi ya mkono wa mtu. Kinu kilichochongwa kabla ya 1863 ni kazi ya mkono wa mtu, na ni mali ya historia ya nchi.

Hata mti wa kawaida una sheria yake, nayo ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ndani ya hifadhi kama Magamba, usichukue gogo bila kibali, liwe bichi au kavu, liwe limesimama au limezikwa. Kwenye shamba lako ni tofauti, lakini ukitaka kusafirisha magogo au mbao barabarani bado utaulizwa karatasi. Njia salama ni kupita kwa mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya misitu ya wilaya au Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Kuuliza hakulipiwi. Kukamatwa geti na mzigo usio na kibali kunalipiwa.

Je, linafaa kuchongwa?

Tuseme gogo halina alama yoyote na uko huru kulitumia. Litachongeka? Hapa wengi hupata hasara, kwa sababu mti uliokaa majini si sawa na mti wa kawaida.

Chukua karoti mbichi. Ni ngumu na imenyooka kwa sababu imejaa maji. Iache juani siku tatu: inasinyaa, inajikunja, inapasuka. Mti wa kale uko hivyo hivyo. Bakteria wamekula polepole kuta za ndani, na kinachoshikilia umbo ni maji. Maji yakitoka haraka, kuta zinaangukiana na gogo linapasuka vipande.

Kipimo cha kwanza ni cha sindano nene au ncha ya kisu. Choma sehemu kadhaa. Kisu kikizama kama kwenye boga lililoiva, mti umekwisha ndani, hautachongeka. Kikizama kidogo tu juu kisha kikagoma, kiini bado ni kizima, na hapo pana matumaini.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe, na haitaki pupa. Mafundi wa mbao wana kanuni ya zamani: kwa kukausha kwa upepo, hesabu mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Kwa mti wa kinamasi, ongeza subira. Fanya hivi:

Kata gogo vipande vifupi, na vile vinene vipasue katikati kupitia moyo wake, maana mti mzima wa duara hupasuka wenyewe. Paka ncha zote mbili nta, mafuta mazito au rangi, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kupitia nchani kuliko ubavuni. Weka vipande kivulini, juu ya vibao ili hewa ipite chini, mbali na jiko na mbali na jua. Miezi ya kwanza vifunike kwa gunia lenye unyevu kidogo, kisha upunguze unyevu polepole. Vigeuze kila wiki. Ukitaka kujua kama vimekauka, vipime uzito kwenye mizani ya dukani kila mwezi na uandike. Uzito ukiacha kupungua, viko tayari.

Hapa Lushoto tuna bahati moja. Ukungu na ubaridi unaotuchelewesha kukausha mahindi ndio rafiki wa mti wa namna hii.

Kule Uingereza, mwaka 2012 lilipatikana shambani gogo la mwaloni mweusi lenye urefu wa mita 13 na umri wa miaka kama 5,000. Waliokabidhiwa walilipasua mbao ndefu wakajenga tanuri maalumu kwa ajili yake, na kukausha kukachukua miezi tisa. Ilichukua miaka kumi tangu kufukuliwa mpaka meza iliyotengenezwa kwayo kuonyeshwa kanisani Ely mwaka 2022. Na hao walikuwa na mitambo.

Kwa vitu vya makumbusho njia ni nyingine kabisa. Meli ya Vasa ya Sweden, iliyozama 1628 na kuinuliwa 1961, ilinyunyiziwa kwa miaka 17 dawa inayofanana na nta ili iingie ndani ya mbao na kuchukua nafasi ya maji. Ndiyo maana tunasema: kitu chenye alama za binadamu usikikaushe mwenyewe. Kiache na maji yake, waite wenye kazi yao.

Wachongaji wetu wanatufundisha nini?

Tanzania tunajulikana duniani kwa vinyago vya Wamakonde, vinavyochongwa kwenye mpingo. Mpingo haukuzikwa popote, lakini tabia zake zinafanana na mti tunaouzungumzia: kiini cheusi, kigumu, kizito kiasi cha kuzama majini, kisichopendwa na mchwa. Unakua polepole sana, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa.

Wachongaji hawaanzi na tezo. Wanaanza kwa kukaa na gogo. Wanaligeuza, wanatafuta limepinda wapi, lina ufa wapi, nyuzi zake zinakwenda wapi. Umbo linafuata mti. Ndivyo ilivyozaliwa mitindo kama ujamaa, ambamo watu wengi wanapandana na kushikana kwenye gogo moja bila kiungo hata kimoja, na shetani, ambao maumbo yake yaliyopinda yanafuata mti unavyotaka. Kwa gogo la kinamasi somo hili ni muhimu zaidi. Chonga umbo nene na fupi, uso, kichwa, mama amekaa na mtoto. Vidole vyembamba na fimbo zilizonyooka zitakatika.

Kazi huanza na shoka na tezo kutoa sehemu kubwa, kisha patasi na nyundo ya mti, kisha kisu, tupa na msasa. Ukiona kipande bado kina unyevu, toa umbo la awali, kifunge kwenye mfuko wa nailoni wenye matundu machache, subiri miezi, kisha umalizie. Mwisho paka nta au rangi ya viatu, isugue kwa kitambaa. Na tafadhali funika pua na mdomo. Vumbi la miti migumu huwasha kifua na ngozi, na vumbi la mti wa kale linaweza kubeba ukungu.

Kuna jambo jingine. Nchini Kenya uchongaji wa Wakamba ulienea kutoka Wamunyu, kupitia mtu aliyejifunza kazi hiyo huku Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mutisya Munge. Ufundi ulivuka mpaka na kulisha maelfu ya familia. Lakini miti waliyoipenda, kama mpingo na muhugu, ikaanza kwisha, na wengi wakahamia kwenye mwarobaini, mwembe na mjakaranda, inayopandwa na kukua haraka. Kijana anayetaka kujifunza kuchonga Lushoto hana haja ya kusubiri gogo la maajabu. Mjakaranda uliokatwa kando ya barabara unatosha kwa mwalimu wa kwanza.

Bei na ujanja

Sasa turudi kwa mtu wa bodaboda. Mti wa kale kweli una soko duniani. New Zealand kuna miti iitwayo kauri iliyozikwa kwenye vinamasi, mingine ina miaka zaidi ya 40,000. Sheria ya nchi ile inazuia kusafirisha magogo yake ghafi nje, ila bidhaa iliyokamilika inaruhusiwa. Unadhani kilitokea nini? Watu wakachonga michoro kidogo juu ya magogo, wakayaita nguzo za sanaa, wakayasafirisha. Wananchi wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikasema gogo lililopambwa juu juu linabaki kuwa gogo.

Somo ni kwamba faida kubwa haiko kwenye gogo, iko kwenye kazi ya mikono. Anayeuza gogo shambani hupata kidogo, anayeuza kinyago kilichokamilika hupata zaidi. Huko Kilwa, vijiji vyenye misitu yao ya mpingo vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora mwaka 2009, wakaanza kuuza magogo wenyewe kwa bei nzuri na fedha zikaingia kijijini. Hawakufanya haraka, na walijua wanachouza ni nini.

Mnunuzi akikuharakisha, akikataa kuandikishana, au akisema usimwambie mtendaji, hiyo ni sababu tosha ya kumpa kikombe cha chai na kumuaga.

Na gogo la Kwai?

Tulifika asubuhi, ukungu bado uko bondeni. Mzee alikuwa ametimiza neno lake, majani ya migomba yalikuwa mabichi. Tukaosha gogo polepole, yeye, kijana wake, na afisa misitu tuliyefuatana naye. Ncha moja ilikuwa imevunjika. Tulipoufikia upande wa pili, tukaona mistari iliyonyooka, imepangana sawasawa. Ilikuwa alama ya msumeno.

Afisa akacheka kidogo. Kwai ina historia ndefu: Wajerumani waliweka shamba la majaribio hapa miaka ya 1890, na kule Shume kampuni ya Wilkins na Wiese ilipasua mbao za mwangati na kuziteremsha kwa njia ya waya mpaka Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Misumeno mirefu ya kupasulia magogo ilienea milimani humu katika enzi hizo na baada yake. Kwa hiyo gogo lile lilikatwa na mtu, ila baada ya 1863. Si malikale kwa mujibu wa sheria. Na si la miaka elfu. Huenda ni la babu wa babu.

Mzee alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo ni kuni?"

Kijana akachoma kisu. Kikazama kidogo, kikagoma. Akakwangua, ikatoka harufu nzuri ya mwangati, kana kwamba mti umekatwa jana. Mzee akainusa, akasema harufu hiyo ilikuwa kwenye sanduku la nguo la mama yake.

Hakuna aliyezungumzia kuni tena. Tulipoondoka walikuwa wameshalikata vipande vinne na kupasua katikati, ncha zimepakwa nta ya mishumaa, vimelala kivulini nyuma ya jiko juu ya vibao. Kijana ameandika uzito wa kila kimoja kwa mkaa ukutani. Anataka kuchonga mwanamke amebeba mtungi. Tumemwambia asubiri angalau mwaka mzima. Amesema atasubiri, ila kila tukipiga simu anatutajia uzito mpya.

Kwa kifupi, ndugu msikilizaji: ukikuta gogo ardhini, lifunike lisikauke, lioshe taratibu, tafuta alama za mkono wa mtu, piga picha, na uende kwa mtendaji kabla ya kukata au kuuza. Kama ni mti tu, ukaushe kwa subira. Kama kuna alama, waachie wanaojua.

Na kama bondeni kwako kuna kitu kama hicho, tutumie ujumbe mfupi ukitaja kijiji na kina ulichokikuta. Tutauliza kwa niaba yako, na majibu utayasikia kwenye kipindi.